Saa ya otomatiki ya mtumba kisiwani Lamu: mwongozo kamili wa kuinunua, kuivaa na kuitunza

Saa yangu ya kwanza ya otomatiki ilikufa maji, na wala sikuogelea nayo. Nilikuwa navuka kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, wakati wa kusi, wimbi likatupiga ubavuni, nikashuka gatini Amu, yaani Lamu mjini, nimeloa mpaka kikoi. Sikujali, kwa sababu mgongoni mwa saa palichongwa Water Resistant, yaani huzuia maji. Siku ya tatu ukungu ukatanda chini ya kioo. Siku ya kumi mshale wa sekunde ukagoma. Fundi aliifungua, akaitazama kwa lenzi yake ya jichoni, akanirudishia kiganjani: "Mwanangu, saa hii imekunywa."

Huku kwetu saa ya mtumba haiuawi sana na uzee. Huuawa na maji: ya chumvi, ya jasho, ya udhu. Kwa hiyo msinishangae nikiurudia mlango huo mara nyingi kuliko milango mingine.

Ilivyo ndani

Saa hii haina betri. Ndani mna springi ndefu iliyokunjwa kwenye kikopo, na juu ya mashine mna rota, bawa zito la nusu duara linalozunguka kila unapotikisa mkono. Rota huikaza springi. Springi ikijifungua taratibu husukuma magurudumu, na gurudumu la mizani, lenye kijispringi chembamba kama unywele, huigawa nguvu hiyo kwa mapigo yaliyo sawa.

Nitatumia Seiko 5 kama mfano, kwa kuwa ndiyo utakayoikuta sana kwenye meza za mitumba. Jina hilo lipo tangu 1963. Zenye mashine ya 7S26, iliyoanza kutumika 1996, hupiga mara 21,600 kila saa moja, yaani mapigo 6 kwa sekunde. Ndiyo maana mshale wa sekunde huonekana ukiteleza badala ya kuruka. Springi ikijaa, saa huenda takriban saa 40 ikiwa imelala mezani. Orient, Citizen na Ricoh za zamani zina tofauti zao, lakini matunzo ni yaleyale.

Hatua ya kwanza: ukague kabla hujatoa pesa

Usianzie usoni. Igeuze. Kwenye mfuniko wa mgongo wa Seiko kuna nambari mbili. Moja ina kistari katikati, na tarakimu nne za mwanzo ndizo jina la mashine, kwa mfano 7S26. Linganisha na maandishi madogo sana yaliyo chini kabisa ya uso wa saa, karibu na tarakimu 6. Yakipingana, saa hiyo imeungwaungwa kutoka saa mbili au tatu. Si haramu kuinunua, ila isiuzwe kwa bei ya saa nzima.

Nambari ya pili, ndefu, inataja tarehe ya kutengenezwa. Tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi. Oktoba, Novemba na Desemba huandikwa O, N na D. Nambari ikianza na 84, saa ni ya Aprili ya mwaka unaoishia na 8. Muongo wenyewe utaujua kwa mashine: 7S26 haikuwepo 1988, kwa hiyo itakuwa 1998, 2008 au 2018.

Sasa itazame usoni. Zipo nyingi zilizopakwa rangi upya huko India, nyekundu ya damu au buluu ya kuwaka, ambazo hazikutoka kiwandani hivyo. Utazijua kwa herufi nene zilizopinda kidogo na kwa kukosekana kwa yale maandishi madogo ya chini. Nyingine ni nzuri, sikatai. Lakini aliyepaka uso upya mara nyingi hakuigusa mashine, na wewe unanunua mashine.

Itikise karibu na sikio. Rota inatakiwa ivume laini. Ukisikia kugongagonga kama shilingi ndani ya kopo, imelegea au inakwaruza mfuniko. Halafu vuta ufunguo, kile kifungo cha pembeni, uzungushe mishale duru nzima: isiguse kioo wala isigusane. Hapa wengi hudanganyika. 7S26 haitiwi ufunguo kwa mkono, na ukiuvuta ufunguo mshale wa sekunde hausimami. Hiyo si hitilafu, ndivyo ilivyoumbwa. Usimwambie muuzaji saa yake mbovu ukaaibika.

Mwisho, angalia palipo na mwanya: shingo ya ufunguo na ukingo wa mfuniko. Ukiona unga wa kijani au kahawia hapo, chumvi imeshapiga hodi. Mimi hapo humrudishia mwenyewe, hata akipunguza nusu ya bei. Angalia pia kama mgongoni pameandikwa Base Metal. Maana yake ni kuwa mfuniko tu ndio wa chuma kisichoshika kutu, na mwili ni madini duni yaliyopakwa kromi. Kromi ikibanduka, jasho la pwani litaula mwili huo mpaka utoboke, na hakuna fundi wa kuurudisha.

Onyo moja la haraka: saa za zamani sana, za kabla ya miaka ya 1960 kumalizika, baadhi zilipakwa radiamu kwenye tarakimu na mishale ili zing'ae gizani. Rangi yake leo huwa ya kahawia iliyoungua, na hata isipong'aa bado ina mionzi. Ikikujia saa kama hiyo usiifungue, wala usiikwangue uso wake.

Hatua ya pili: ioshe nje

Saa ya mtumba hubeba uchafu wa mikono usiyoijua. Toa mkanda kwanza. Cheni ya chuma iloweke nusu saa kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, kisha isugue kwa mswaki mkuukuu, hasa kwenye viungo. Kama maji ya kisima chenu yana ukakasi wa chumvi, suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua au ya chupa. Huwezi kuondoa chumvi kwa chumvi. Mwili wa saa usiuloweke. Ufute kwa kitambaa chenye unyevu, ufunguo ukiwa umesukumwa ndani kabisa, kisha pitisha kijiti cha meno kwenye mwanya wa mfuniko. Utashangaa kitakachotoka.

Ukiirudisha mikanda, badilisha zile pini mbili zenye springi zinazoishika. Zina bei ya kikombe cha chai, na ndizo hukatika kwa kutu ukiwa umeinama ubavuni mwa mashua. Pima kwa rula nafasi kati ya masikio ya saa. Mara nyingi ni milimita 18, 20 au 22. Mkanda wa ngozi ni mzuri harusini, lakini kwa joto letu hunuka na kuoza ndani ya miezi. Kitambaa cha nailoni hukauka upesi na hufuliwa pamoja na nguo. Mimi nimetulia kwenye nailoni.

Kioo kina mambo yake. Kigonge taratibu kwa ukucha: cha plastiki hutoa sauti nzito iliyofifia, cha kioo halisi hulia kwa ukali. Mikwaruzo ya plastiki huondoka kwa dawa ya meno nyeupe, isiwe ile ya jeli, ukisugua kwa duara dogo dogo kwa kitambaa laini dakika tano. Kioo halisi hakisikii dawa ya meno hata usugue mpaka alfajiri. Kibadilishwe, au ukiache na makovu yake.

Hatua ya tatu: kurekebisha tarehe, na mtego wa saa zetu

Hapa ndipo nilipovunja jino la gurudumu la siku, kwa sababu ya lugha.

Kuna muda ambapo magurudumu ya tarehe na siku yanakuwa yameshikana tayari kugeuka. Ukibadilisha tarehe kwa mkono wakati huo, jino linakatika. Vijitabu vya kiwandani huutaja kuwa kuanzia 9 usiku hadi 3. Mswahili akisoma hivyo kwa haraka atasema saa tisa hadi saa tatu, nao ni upande wa pili kabisa wa duara! Wanachokusudia ni mshale mfupi ulio kwenye tarakimu 9, ambao kwetu ni saa tatu usiku, mpaka ulipo kwenye tarakimu 3, yaani saa tisa usiku. Na 7S26 yenye majina ya siku kwa lugha mbili huchelewa zaidi: gurudumu la siku hupita kwanza lugha moja ndipo lifike ya pili, ikaweza kukawia mpaka karibu saa kumi alfajiri. Kwa hiyo sahau vijitabu, sahau usiku na mchana. Shika tarakimu zilizo usoni: usiguse tarehe mpaka mshale mfupi uwe kwenye 6.

Utaratibu ni huu. Saa ikiwa imesimama, ishike kwa wima uipepee kushoto na kulia nusu dakika mpaka iende. Vuta ufunguo mpaka mwisho, uzungushe mishale mbele mpaka tarehe igeuke. Sasa unajua umepita saa sita usiku. Endelea mpaka mshale mfupi ufike kwenye 6. Sukuma ufunguo hatua moja, uweke tarehe na siku ya jana. Halafu uvute tena mpaka mwisho, upeleke mishale mbele mpaka tarehe igeuke kuwa ya leo, na uendelee mpaka wakati ulionao. Kama ni baada ya adhuhuri, utapita tarakimu 12 mara nyingine na tarehe isigeuke. Hapo ndipo penyewe. Ina mzunguko, lakini haivunji kitu.

Kumbuka saa hii huhesabu kila mwezi siku 31. Utairekebisha mara tano kwa mwaka, baada ya Februari, Aprili, Juni, Septemba na Novemba. Na haijui kuwa usiku wa Ijumaa kwetu huanza Alhamisi magharibi. Yenyewe itang'ang'ania Alhamisi mpaka saa sita usiku, na jina la siku huenda lisikae sawa mpaka alfajiri. Bibi yangu alikuwa akiitazama saa ya babu, akicheka, akisema hii ni saa ya Wazungu.

Hatua ya nne: ipime wiki nzima

Weka saa sawasawa na simu yako wakati wa adhuhuri. Kila siku wakati huohuo andika tofauti kwa sekunde. Baada ya siku saba gawanya tofauti ya mwisho kwa saba. Ya mtumba ikizidi au ikipungua nusu dakika kwa siku, shukuru uache. Ukitaka saa isiyokosea, simu unayo mfukoni.

Ikiwa kosa ni dogo, jaribu ujanja wa kulala. Saa haiendi mwendo mmoja ikilazwa chali, kifudifudi, au kwa ubavu. Usiku wa kwanza ilaze chali, wa pili ufunguo ukitazama juu, wa tatu ukitazama chini, ukiandika. Utaona mlalo mmoja huikimbiza na mwingine huibakisha nyuma. Kisha uchague mlalo unaofidia kosa la mchana. Yangu inalala ubavu, ufunguo juu, na kosa la wiki nzima halifiki dakika moja.

Ikianza ghafla kukimbia dakika kadhaa kwa siku, shuku sumaku kabla ya kumshuku fundi. Spika ya redio, mfuniko wa sumaku wa simu au kompyuta hufanya kijispringi kile chembamba kishikane, na mapigo yakawa mafupi. Kipimo chake kisiwani si shida, madira yamejaa mashuani. Sogeza saa karibu na dira, kisha uizungushe. Upande mmoja ukivuta ncha ya sindano na upande mwingine ukiisukuma, saa imeshika sumaku. Mafundi wengi wa saa na wa redio wana kifaa cha kuiondoa, ni kazi ya dakika mbili.

Kuvaa: kiasi gani kinatosha?

Saa nane hadi kumi mkononi kwa siku zinatosha kuijaza, ukiwa mtu wa kutembea. Mwenye kukaa barazani kutwa akipiga bao mkono mmoja asilaumu mashine ikisimama alfajiri. Wanaoogopa kuikaza kupita kiasi pia wapumue: springi ya otomatiki ikijaa huteleza kwenye ukuta wa kikopo chake, haikatiki. Zile za kutia ufunguo tu ndizo zenye kikomo cha kuheshimiwa. Kuiacha isimame siku mbili tatu hakuidhuru. Kuifungia miezi sita ndiko kubaya, maana mafuta huganda. Ipe mkono japo Ijumaa.

Maji

Maandishi ya mita 30 au 50 ni matokeo ya kipimo cha kiwandani, saa ikiwa mpya na imetulia. Kinachozuia maji ni viraba vidogo kwenye mfuniko, kioo na ufunguo. Baada ya miaka kumi, ishirini, viraba hivyo hukauka vikawa kama ganda la ukwaju. Kwa hiyo hesabu kwamba saa ya mtumba haizuii chochote mpaka fundi abadilishe raba zote na kuipima kwa mgandamizo.

Mara tano kwa siku unatawadha. Ukiwa na saa mkononi maji yanatakiwa yafike chini yake hata hivyo, basi ivue. Tatizo ni pa kuiweka: ukingo wa birika ni mahali pa kuisahau au kuidondosha. Mfuko wa kifuani wa kanzu ndio kabati langu. Na usiirudishe mkono ukiwa bado unatiririka.

Chomboni, iwe ni kwenda Shela au kuvuka Mokowe, ifunge kwenye mfuko mdogo wa plastiki. Ufukweni Shela tatizo si maji peke yake: mchanga wa kule ni laini kama unga na huingia kwenye shingo ya ufunguo. Ukiuzungusha kabla ya kuusafisha, umesaga raba kwa mikono yako. Marashi na mafuta ya nywele nayo hulainisha raba. Jipake kwanza, yakauke, ndipo uvae. Wala usiiache juu ya meza palipo na chetezo, moshi wa udi hunata.

Ukiona ukungu mwepesi chini ya kioo, vuta ufunguo ili hewa ipite, uiweke kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Mchele haufai, una vumbi na hunyonya kidogo mno. Ukungu utaondoka kwa siku moja au mbili, lakini mlango ulioingilia bado uko wazi. Peleka raba zibadilishwe.

Maji ya bahari yakiingia, usikaushe na usingoje Jumatatu. Suuza nje kwa maji yasiyo na chumvi, ikimbize kwa fundi siku hiyohiyo, umwambie wazi kuwa ni chumvi. Atahitaji kufungua mashine yote na kuiosha kipande kwa kipande. Saa yangu ya kwanza ningeipeleka jioni ile, huenda ingekuwa hai.

Fundi

Kila miaka mitatu hadi mitano saa inahitaji kufunguliwa, kuoshwa na kutiwa mafuta mapya. Swali si bei kwanza, ni namna. Muulize ataivunja mashine yote au ataifungua mgongo tu. Muulize anatumia mafuta gani. Niliwahi kumpa saa fundi mmoja, akaidondoshea mafuta ya cherehani kwa sindano, matone manne, akaifunga: "Tayari." Ilikwenda vizuri mwezi mzima, nami nikamsifu kwa watu. Kisha mafuta yakasambaa, yakafika kwenye kijispringi, saa ikawa inakimbia kama imefukuzwa. Mafuta ya saa ni ya aina kadhaa, hutiwa kwa tone lisiloonekana, na sehemu nyingine hazitakiwi kabisa kuguswa na mafuta.

Mtazame pia anafungulia wapi. Baraza yenye upepo wa bahari ni nzuri kwa kahawa, si kwa mashine iliyo wazi. Na akikwambia viraba vyako bado vizuri, mwambie abadilishe hivyohivyo.

Gharama ya usafi ikikaribia bei ya saa yenyewe, iko njia nyingine kwa wenye 7S26: kuweka mashine mpya ya NH36, ambayo hukaa mahali palepale, hutiwa ufunguo kwa mkono, na mshale wa sekunde husimama ukivuta ufunguo. Hakikisha tu duara la siku limechapwa kwa ajili ya mahali ufunguo wako ulipo, kwenye 3 au karibu na 4, la sivyo Ijumaa itakaa upogo dirishani. Kwa saa ya urithi mimi singeibadilisha. Kwa ya sokoni, ningeibadilisha bila kufikiri mara mbili, na mashine ya zamani ningeiweka kwenye kopo lile lenye vifuko, kwa ajili ya vipuri.